Kabla Hujafungua Mfuko wa Unga wa Nano

Mwongozo huu ni wa mtu anayeshika unga. Fundi anayechanganya rangi na vipako, kijana anayejaza tona kwenye katriji katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, mwanafunzi wa maabara aliyeletewa chupa ya nanotyubu za kaboni kutoka ng'ambo, fundi wa kuchomelea mabomba yaliyopakwa zinki. Wote hao, wengine bila kujua, huenda wanavuta chembe ambazo upana wake unahesabiwa kwa nanomita.

Neno nano lisikutishe, wala lisikupumbaze. Chembe ya nano ni ile ambayo angalau upande wake mmoja una kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa kichwani una upana wa nanomita 80,000 hivi. Udogo huo peke yake hautoshi kukuambia kama kitu kitakudhuru. Anayeamua ni seli ya kinga iliyomo ndani ya pafu lako, na ukiielewa kazi yake utajua mwenyewe unga upi wa kuogopa, upi wa kushika kwa uangalifu wa kawaida, na kwa nini barakoa inakuja mwisho badala ya mwanzo.

Nani analinda huko ndani

Hewa hupita puani na kooni, ikaingia kwenye mirija inayogawanyika tena na tena, mpaka inapoishia kwenye vifuko vya hewa. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko hivyo milioni 480 kwa wastani, kila kimoja kikiwa na upana wa sehemu ya tano ya milimita. Mirija ya juu ina ute unaonasa uchafu na vinyweleo vinavyousukuma kurudi kooni, ukautema au ukaumeza bila kujua. Kwenye vifuko hakuna ute wala vinyweleo, maana ukuta wa pale lazima uwe mwembamba ili oksijeni ipite kuingia kwenye damu. Ulinzi wa huko umeachiwa seli zinazotembeatembea juu ya ukuta zikimeza chochote kigeni. Zinaitwa makrofaji.

Vumbi kubwa la barabarani hunaswa njiani. Chembe za nano ni nyepesi mno, hazishuki kwa uzito wake. Zinatangatanga na hewa mpaka ziguse ukuta. Katika zile zenye upana wa nanomita 20 hivi, karibu nusu ya unazovuta hutua kwenye vifuko. Cha ajabu ni kwamba zilizo ndogo zaidi ya hapo, za nanomita 1 au 2, nyingi hazifiki chini: zinakwama puani. Kwa hiyo usidhani kwamba kila kidogo zaidi kinazama zaidi.

Chembe ikishatua haibaki uchi. Majimaji yanayolainisha vifuko yana mafuta na protini, na kwa kufumba na kufumbua vinaigandia chembe na kuivika ganda. Baadhi ya protini hizo, SP-A na SP-D, kazi yake hasa ni kuzitambulisha takataka kwa makrofaji. Seli haioni kaboni au titani moja kwa moja. Inapapasa lile ganda, ikiridhika kwamba ni kitu cha kumeza, inakizingira na kukiingiza kwenye kifuko chenye asidi tumboni mwake.

Makrofaji humeza vizuri chembe za ukubwa wa mikromita 1 hadi 3, yaani saizi ya bakteria. Chembe za nano zikishikamana mabonge, zinamezwa bila taabu. Zikija mojamoja, nyingi zinampita mlinzi, na baadhi zinapenya kwenye nyama ya ukuta wa pafu. Günter Oberdörster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walilionyesha hilo miaka ya 1990 kwa panya waliopewa titani dayoksaidi ya aina mbili, moja ya nanomita 20 na nyingine ya nanomita 250. Kwa uzito uleule, ile ndogo ilileta uvimbe mkubwa zaidi na ikakaa pafuni muda mrefu zaidi. Walipoacha kupima kwa uzito wakapima kwa eneo la uso wa chembe zote, aina zile mbili zikaonekana kufuata mstari mmoja.

Fikiria hesabu yake. Mchemraba wa sentimita 1 una eneo la sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe michemraba ya nanomita 10, uzito haubadiliki, lakini eneo linafika mita 600 za mraba. Seli ya kinga inakutana na eneo hilo, wala haijui kwamba mizani yako imesoma gramu chache tu. Ndiyo maana kauli ya "ni kidogo tu, haina neno" haina maana dukani wala maabara.

Uliza kwanza: ni mviringo au ni uzi?

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu hapa pana hatari iliyo wazi kuliko zote.

Nanotyubu za kaboni zilijulikana sana baada ya Sumio Iijima wa Japani kuzieleza mwaka 1991. Ni mirija ya kaboni, myembamba kwa nanomita chache au makumi kadhaa, lakini inaweza kuwa na urefu wa mikromita nyingi. Makrofaji ya binadamu ina upana wa mikromita 15 hadi 20 hivi. Ikikutana na uzi mrefu kuliko yenyewe, inaanza kuumeza, inaunyonya upande mmoja, na ncha ya pili inabaki nje. Seli haiwezi kufunga mdomo. Asidi, vimeng'enya na kemikali kali za oksijeni ambazo zilipaswa kufungiwa ndani ya kifuko zinavuja nje na kuunguza seli za jirani. Seli inakufa, nyingine inakuja kujaribu uzi uleule, nayo inapatwa na hayo hayo.

Hadithi hii inajulikana. Ni hadithi ya asbesto, ile iliyokuwa kwenye mapaa ya zamani. Mwaka 2008 kikundi cha watafiti wa Edinburgh, wakiwemo Craig Poland na Ken Donaldson, kiliwachoma panya nanotyubu tumboni, kwenye utando wa aina ileile inayozunguka pafu na ambayo asbesto huisababishia saratani. Nanotyubu ndefu zilizonyooka zilileta uvimbe na vinundu kama vya asbesto. Fupi, na zile zilizojisokota kama uzi wa sufi, hazikufanya hivyo. Mwaka 2014 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliiweka aina moja ngumu iitwayo MWCNT-7 katika kundi 2B, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Aina nyingine hawakuzihukumu, kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Miaka miwili baadaye watafiti wa Japani walitangaza kwamba panya waliovutishwa MWCNT-7 kwa wiki 104 walipata saratani ya mapafu.

Kwa hiyo ukiletewa chupa, soma urefu kabla ya kusoma bei. Nyuzi ngumu, zilizonyooka, zenye mikromita kuanzia 10 kwenda juu, zishike kama unavyoshika asbesto. Muuzaji asipoandika urefu, chukulia kwamba ni ndefu.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilipendekeza mwaka 2013 kwamba mfanyakazi asivute zaidi ya mikrogramu 1 ya nanotyubu katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 2.5. Kiasi kinachoruhusiwa hewani katika chumba chote ni mikrogramu 50. Punje moja ya sukari ni nzito kuliko hiyo mara kadhaa.

Je, unayeyuka?

Makrofaji ikishameza, kinachofuata kinategemea kama asidi yake inaweza kuiyeyusha chembe. Ikiweza haraka, mambo hutokea upesi na kuisha upesi. Isipoweza, chembe inabaki na seli inabaki nayo.

Mfano wa kinachoyeyuka ni oksidi ya zinki. Fundi akichomelea bomba lililopakwa zinki, moshi mweupe unaotoka ni chembe za nano za oksidi hiyo; hazikutengenezwa kwa makusudi, lakini pafu halijali nia. Zinayeyuka ndani ya makrofaji, ayoni za zinki zinaisumbua seli, nayo inapiga mbiu kwa protini za kuashiria hatari. Damu inamwaga nyutrofili, yaani seli nyeupe za kinga, kuingia pafuni. Saa kadhaa baadaye fundi anatetemeka, homa, mwili unauma, kinywa kina ladha ya chuma. Kesho yake au keshokutwa amepona. Watafiti wa California mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliosha mapafu ya watu waliovuta moshi huo, wakakuta nyutrofili tele na ishara hizo za kinga. Mwili huzoea wiki ikiendelea, kisha baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki homa inarudi, ndiyo maana wengine huiita homa ya Jumatatu.

Mafundi wengi watakuambia dawa yake ni maziwa. Kunywa maziwa, ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Hayafiki kwenye vifuko vya hewa, na yakifika umo hatarini. Na kuzoea homa si kupona: moshi wa kuchomelea uliwekwa na IARC mwaka 2017 katika kundi 1, miongoni mwa vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Kisichoyeyuka kinasumbua kwa njia nyingine. Fuwele za silika, asbesto na nyuzi ngumu za nanotyubu zinaweza kutoboa kile kifuko cha asidi. Yaliyomo yakivujia ndani ya seli, mtambo wa tahadhari uitwao NLRP3 unawashwa na seli inaanza kutoa interleukini-1 beta, mojawapo ya zile protini za kuashiria hatari. Kazi kubwa kuhusu mtambo huo kwa asbesto na silika ilichapishwa mwaka 2008 na kikundi cha Jürg Tschopp huko Uswisi. Tahadhari hii ikilia siku moja, hakuna ubaya. Ikilia miezi na miaka kwa sababu chembe haiondoki, seli zinazojenga nyama ya ukuta zinaamriwa kuziba jeraha, zinatandaza kovu, na pafu linakuwa gumu. Kovu halirudi kuwa pafu.

Kuna habari njema kidogo. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba kimeng'enya cha nyutrofili kiitwacho mayeloperoksidesi kinaweza kumomonyoa baadhi ya nanotyubu za kaboni zenye ukuta mmoja. Mwili haujakaa tu. Lakini usijenge usalama wako juu ya hilo, kwa sababu nyutrofili zenyewe hazifiki pafuni ila pana uvimbe tayari.

Ni chuma kinachozua mzio?

Mwaka 2014 madaktari waliandika kisa cha mkemia mmoja aliyekuwa akipima unga wa nano wa nikeli mezani, gramu 1 au 2 kwa safari, bila kinga yoyote. Koo likaanza kumwasha, pua ikaziba, uso ukawa mwekundu. Kisha ngozi ikaanza kuvimba mahali pa hereni na pa kifungo cha mkanda, vitu alivyokuwa akivivaa bila shida. Kipimo cha ngozi kikathibitisha kwamba ana mzio wa nikeli. Kumrudisha kazini kulikuwa vigumu hata kwa kumhamishia sehemu nyingine ya jengo, kwani dalili zilirudi.

Huu ni mkono mwingine wa kinga. Makrofaji ni nyepesi na hazina kumbukumbu ndefu. Seli za dendriti huchukua sampuli ya kitu kigeni, huipeleka kwenye tezi za limfu, na huko huzifundisha seli nyingine za kinga ziitwazo seli T. Seli T zikishafundishwa hazisahau. Kuanzia hapo kiasi kidogo sana kinatosha kuamsha dalili, na kupunguza dozi hakusaidii tena kama mwanzo. Nikeli na kobalti zinajulikana kwa tabia hii, kwa unga wa kawaida na wa nano. Mwenye pumu au mwenye mzio wa hereni za bei nafuu asikabidhiwe kazi hiyo.

Usichohitaji kuhofia

Watu wengi huogopa mahali pasipo na hatari. Krimu ya kuzuia jua yenye oksidi ya zinki au titani dayoksaidi haifiki pafuni ukiipaka kwenye ngozi. Mtu mwenye ualbino asiache krimu yake hata siku moja kwa sababu ya habari za nano. Tofauti ni krimu za kupuliza: Umoja wa Ulaya unaruhusu titani dayoksaidi ya nano kwenye krimu, lakini hauiruhusu katika matumizi yanayoweza kuifikisha kwenye mapafu ya mtumiaji.

Chujio la maji la Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, lililoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015, limetumia teknolojia ya nano. Anayekunywa maji yake havuti unga. Vivyo hivyo raketi ya tenisi yenye nanotyubu ndani ya plastiki, au ukuta uliopakwa rangi ikakauka. Hatari inarudi pale tu unapopiga msasa, unapokata kwa grainda au unapochoma moto.

Unga mweupe wa kawaida wa rangi, nao, mara nyingi si wa nano. Chembe zake ni za nanomita 200 na zaidi. Bado ni vumbi na usiuvute, ila usilipie woga wa ziada.

Na kuna kisa cha Ujerumani cha mwaka 2006. Dawa ya kupuliza ya kukinga vioo na vigae, yenye neno nano kwenye jina lake, iliwaletea watu wengi shida ya kupumua kwa siku chache tu, wengine wakalazwa na maji kwenye mapafu. Ikaondolewa sokoni. Uchunguzi ulipokamilika, chembe za nano hazikuwemo. Inaelekea kosa lilikuwa la ukungu wa matone madogo yaliyofika mbali mno pafuni. Angalia kama kitu kinapaa hewani kabla ya kuangalia jina lake.

Namna ya kufanya kazi

Dai kisichopaa. Kama kiwanda kinauza kitu hicho kikiwa kimelowekwa kama uji au kimeshikizwa kwenye chengachenga za plastiki, nunua hicho hata kama bei imezidi. Seli haiwezi kupambana na kisichoifikia.

Kama lazima iwe unga, fungua na upime ndani ya kabati la maabara lenye feni ya kufyonza hewa, au kisanduku kilichozibwa chenye mikono ya glavu. Feni ya mezani au ya darini izimwe. Hiyo inasambaza, haiondoi. Mimina taratibu, karibu na chombo. Funga mfuko mtupu ndani ya mfuko wa pili kabla ya kuutupa.

Kufagia ni marufuku. Kupuliza kwa kompresa ni marufuku zaidi, na hili nalisema hasa kwa wanaojaza tona, kwa sababu nimeona wengi wakipuliza katriji mlangoni huku uso umeinama juu yake. Futa kwa kitambaa kilicholowa, ukitupe kingali kibichi. Mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani hurudisha chembe ndogo kwa nyuma. Inayofaa ni yenye chujio la HEPA. Nguo za kazi zibaki kazini. Mtoto anayekukimbilia mlangoni asikumbatie vumbi la zamu nzima.

Sasa barakoa. Wengi husema chembe za nano zinapita kwenye barakoa kwa kuwa ni ndogo kuliko matundu. Sivyo. Chembe ndogo sana hutikisika ovyo hewani na kugonga nyuzi za chujio, zikanaswa kwa urahisi. Zinazopenya zaidi ni za ukubwa wa kati. N95 au FFP2 iliyo halisi hunasa vizuri. Tatizo ni pembeni: hewa hupita pale ambapo barakoa haijagusa ngozi. Ndevu zinaiharibu kabisa kinga hiyo. Barakoa ya bluu ya hospitali haizibi, na leso haistahili hata kutajwa. Kwa nanotyubu na nikeli tumia P100 au FFP3, baada ya kabati, si badala ya kabati.

Ukivuta sigara, moshi unadumaza vile vinyweleo vya kusukuma ute na unazishughulisha makrofaji kabla hujaanza kazi. Hapo unaingia zamu ukiwa na walinzi nusu.

Kwa daktari

Kabla ya kuanza kazi ya unga, pima nguvu ya mapafu kwa mashine ya kupuliza pumzi na uweke karatasi ya majibu. Mwaka ukipita, rudia. Namba moja haina maana kubwa. Maana iko kwenye kushuka. Hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha "nano mwilini", na anayekuuzia chai ya kusafisha mapafu anataka pesa yako.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi utapimwa kifua kikuu, na ndivyo inavyopasa. Majibu yakitoka safi usiishie hapo. Mweleze daktari jina la unga, kazi unayoifanya na miaka uliyoifanya, na umpe karatasi ya usalama ya bidhaa. Homa inayokuja jioni baada ya kuchomelea na kuondoka asubuhi, itaje hivyo hivyo, isije ikatibiwa kama malaria kila wiki. Pumzi ikibana ghafla ndani ya saa chache baada ya kuvuta moshi au mvuke mwingi, nenda hospitali usiku huohuo, kwani maji yanaweza kujaa pafuni taratibu.

Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zinamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya anayemfanyia kazi. Ukiandika barua kwa mwajiri, usianze kwa kuomba barakoa, maana atakupa boksi moja na kuona amemaliza. Omba kwanza karatasi ya usalama ya kila unga ulioko stoo, na kifaa cha kufyonza hewa juu ya meza ya kupimia. Ukiwa mwalimu wa maabara, vidai kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa mbele ya wanafunzi.